Wakuu, panya na kondoo wa maabara wanatusaidia nini sisi tunaoumwa mgongo?

#1 Dereva wa Tunduma
Wakuu, kwema?

Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu, njia yangu ni Dar hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Mgongo unanisumbua muda mrefu. Nilipiga picha ya MRI nikaambiwa diski iliyo kati ya pingili za kiuno L4 na L5 imekauka na imetokeza nyuma kidogo. Tangu hapo nasoma kila kinachoandikwa kuhusu diski.

Ninachokutana nacho ni hiki: watafiti wafufua diski ya panya. Sungura waota diski upya. Kondoo wapona kwa seli mama. Mwaka ukiisha zinakuja habari nyingine za aina hiyohiyo, nami nikienda kliniki napewa diklofenaki na kuambiwa nipunguze uzito.

Hoja yangu iko wazi. Binadamu anaumwa mgongo kwa sababu anasimama wima na uzito wote unashukia kiunoni. Mnyama wa miguu minne mgongo wake umelala, haubebi kitu. Sasa unamtoboa panya diski kwa sindano halafu unasema unachunguza mgongo wangu? Naona ni kupoteza fedha na kutesa viumbe bure. Anayenipinga aje na hoja.

#2 Mkeka wa Ukindu
Nimetandika hapa. Ngoja waje wenye fani yao.

#3 Daktari wa Ng'ombe
Mleta uzi, pole na mgongo, ila hilo la mnyama kutobeba kitu si kweli.

Mgongo wa mnyama ungepinda katikati kama usingebanwa. Misuli na kano zinaukaza kutoka mabegani hadi nyonga, na kukazwa huko ndiko kunakobonyeza diski kwa urefu, vilevile inavyobonyezwa yako ukisimama. Mholanzi Theo Smit alilieleza hili mwaka 2002. Ukipasua pingili ya kondoo utaona vijiti vya mfupa wa ndani vimejipanga kufuata urefu wa uti wa mgongo. Mfupa hujipanga kwa kufuata njia ya mzigo. Tena mfupa wa pingili zao umeshiba kuliko wetu, dalili kwamba wanabeba zaidi ya tunavyodhani.

Halafu wapo wanyama wanaoharibika diski bila kutobolewa na mtu. Wanaletwa kwangu.

#4 Dereva wa Tunduma
Nakuelewa daktari, mzigo upo. Basi mbona ng'ombe wa kukokota plau haonekani kushika kiuno?

#5 Daktari wa Ng'ombe
Atashikaje kiuno, mkuu? Ng'ombe akiumwa anabaki nyuma ya kundi, anachelewa kuinuka, hamalizi pumba. Mchungaji anasema amezembea, anamwongeza fimbo. Na wengi wanachinjwa kabla ya uzee haujawafikia.

#6 Mama Bruno
Daktari, naomba niulize hapohapo. Nina mbwa, wale warefu wenye miguu mifupi, dachshund. Aliruka kutoka kwenye kochi kama siku zote, kesho yake miguu ya nyuma ikagoma kabisa. Jirani mmoja akasema kalishwa sumu, mwingine akasema nimeonewa wivu. Aliyempima akasema ni diski. Mbwa mwenyewe kijana. Ilikuwaje?

#7 Daktari wa Ng'ombe
Mama Bruno, pole. Huo ugonjwa unajulikana siku nyingi. Daktari wa mifugo wa Sweden, Hans-Jörgen Hansen, aliueleza mwaka 1952 na hadi leo tunaugawa kwa jina lake, aina ya kwanza na aina ya pili. Wa kwako ni aina ya kwanza. Kiini laini cha diski kinageuka gegedu mbwa akiwa bado mdogo, kinaingiwa na chokaa, halafu siku moja kinafyatuka kwenda juu kwenye mishipa ya fahamu. Kule kuruka kochi kulimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha chanzo chake: nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4, iliyojipachika kwenye kromosomu ya 12. Inafupisha miguu na inaharibu diski kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana nasema mbwa huyu anatufaa kuliko panya wa maabara. Anaugua mwenyewe, analetwa kutibiwa, na mwenye mbwa anakueleza alivyokuwa jana na alivyo leo.

#8 Mpare Ughaibuni
Salaam. Nafanya kazi kwenye maabara ya diski, Ujerumani. Namuunga mkono Daktari wa Ng'ombe nusu, nusu nampinga.

Dereva, idadi ya miguu ni jambo dogo. Tofauti kubwa iko kwenye seli. Mtoto akiwa tumboni, kiini cha diski hujengwa na seli za notokodi, kubwakubwa, zenye uwezo mkubwa wa kutengeneza ute unaoshika maji. Binadamu huzipoteza utotoni, akikaribia miaka 10 zimebaki chache mno. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na mbwa wa jamii ya dachshund nao huzipoteza mapema. Panya, sungura na nguruwe hukaa nazo sehemu kubwa ya maisha. Kwa hiyo ukimtoboa sungura diski, ukampa dawa, diski ikajaa tena, huenda iliyofanya kazi ni seli ambayo wewe huna tena tangu darasa la nne.

La pili ni ukubwa. Ndani ya diski hakuna mishipa ya damu. Sukari na oksijeni vinapenya polepole kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini. Diski ya kiuno ya mtu mzima ina kimo cha karibu sentimita 1, ya panya mdogo wa maabara haifiki hata milimita 1. Seli ya katikati kwenye diski yako iko milimita kadhaa kutoka kwenye damu, inaishi kwa njaa maisha yake yote. Ya panya iko jirani na damu. Dawa inayoziamsha seli zifanye kazi kwa nguvu inaweza kumfaa panya aliyeshiba, kwako ikazidisha njaa. Mimi naamini habari nyingi nzuri za panya zinafia hapo.

Kuhusu mbwa, daktari: mbwa wa jeni moja anatufundisha ugonjwa wa jeni moja. Binadamu hana nakala hiyo. Sisi tunatumia mikia ya ng'ombe kutoka machinjioni. Tunatoa diski nzima pamoja na gegedu lake la juu na chini, tunaiweka kwenye chombo chenye lishe, mashine inaibonyeza mchana na kuilegeza usiku. Inaishi wiki kadhaa. Kimo chake kinakaribiana na cha diski ya mtu na seli za notokodi haina. Hakuna mnyama aliyekufa kwa ajili yetu.

#9 Supu ya Vingunguti
Mkia tunaogombania hapa machinjioni asubuhi, Wajerumani wanauweka kwenye mashine! Mpare, mkimaliza utafiti mnaukaanga au mnauchemsha?

#10 Mpare Ughaibuni
@Supu ya Vingunguti hauliki, umejaa dawa. Ila ukila supu kesho angalia kile cheupe kinachoteleza kati ya pingili mbili za mkia. Hicho ndicho tunachokizungumzia hapa kwa mabandiko yote haya.

#11 Kuli wa Kariakoo
Mimi naanza na bandiko #1. Mleta mada anasema uzito ndio chanzo. Nimebeba viroba na magunia tangu nimetoka kijijini, mgongo wangu mzima. Kaka yangu tumbo moja, kazi yake kukaa benki kwenye kiti cha kuzunguka, kapasuliwa diski. Uzito gani huo?

#12 Nyakato wa Bukoba
@Kuli wa Kariakoo wewe bado kijana. Njoo uone mama zetu waliobeba ndizi, kuni na maji tangu usichana. Mama yangu sasa akiinuka kitandani anaanza kwa magoti. Usiseme uzito hauna neno.

#13 Fizio wa Likoni
Hebu niingie hapa maana wote wawili mna ushahidi.

Wafini walifuatilia mapacha kwa miaka mingi, utafiti ulioongozwa na Battié na Videman. Walichukua mapacha wanaume waliotofautiana kazi, mmoja anabeba, mwingine anakaa, wakawapiga MRI. Walitarajia mgongo wa mbebaji uwe umechakaa vibaya. Wakakuta tofauti ya kazi inaeleza sehemu ndogo tu, na kule kuzaliwa familia moja kunaeleza sehemu kubwa zaidi. Mwaka 2002 wakachapisha kwenye jarida la Lancet mapacha wa kufanana ambao mmoja ni dereva kwa kazi na mwenziwe siye. Diski za madereva hazikuwa zimeharibika zaidi.

Lakini hapo walipima diski, hawakupima maumivu ya mama yake Nyakato. Diski iliyochakaa na mgongo unaouma ni mambo mawili. Mwaka 1994 kule Marekani walipiga MRI watu 98 wasioumwa mgongo kabisa. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja, asilimia 27 ilikuwa imetokeza. Mwaka 2015 wengine wakakusanya tafiti za watu 3,110 wasio na maumivu: wa miaka 20, asilimia 37 wana dalili za diski kuchakaa, wa miaka 80, asilimia 96. Wallahi nikikuletea picha hizo bila majina huwezi kuniambia yupi analia usiku.

Sasa mtafiti anatoboa diski ya kondoo, anapiga picha, anaona imekauka, anasema "hii ni modeli ya maumivu ya mgongo". Maumivu ameyaona wapi?

#14 Dereva wa Tunduma
Fizio, hao mapacha wa Finland waliendesha lami. Mimi kuna vipande nikipita hata kikombe hakikai kwenye dashibodi. Mtikisiko wa lori la tani 30 saa kumi na mbili kwa siku usilinganishe na barabara za Ulaya. Madereva wenzangu wote tunaoegesha pale mpakani tunalalamika mgongo.

#15 Fizio wa Likoni
Na sikatai kwamba mnaumwa. Zipo tafiti nyingine zinazounganisha mtikisiko na maumivu ya mgongo kwa madereva. Nilichosema ni kwamba picha ya diski haikuonyesha tofauti. Inawezekana kinachokuuma kwenye lori ni misuli, viungo vidogo vya nyuma ya pingili au usingizi wa mang'amung'amu, na diski ikabebeshwa lawama kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye picha.

#16 Mzee Mkavu
Vijana mnazunguka. Mgongo kuuma kwa mwanamume ni ngiri. Ikishika kiuno inashuka mguuni. Mizizi ipo, inachemshwa, wiki mbili umepona. Wazungu hawaijui hii ndiyo maana wanahangaika na mikia ya ng'ombe.

#17 Fizio wa Likoni
Shikamoo mzee. Maumivu ya kiunoni yanayoshuka mguuni hadi unyayoni, hao ndio wagonjwa wa mshipa wa fahamu uliobanwa au kuwashwa na diski. Na wengi wao hupona wenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi michache, kile kilichotokeza mwili unakimeng'enya. Ndiyo maana kila dawa iliyonywewa katika wiki hizo inapata sifa, iwe mizizi au vidonge vyangu. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi.

#18 Mzee Mkavu
Marahaba. Hao waliopona wenyewe umewaona wewe, waliopona kwa mizizi nimewaona mimi. Tusidharauliane.

#19 Mfamasia wa Mwanza
Hilo la Fizio la kubanwa AU kuwashwa msilipite haraka, maana hapo ndipo mnyama alipotufungua macho kwelikweli.

Tangu madaktari wa Marekani Mixter na Barr walipochapisha kazi yao mwaka 1934, madaktari walishika kwamba diski ikitoka inabana mshipa na ndiyo maumivu. Mwaka 1993 kule Gothenburg, Sweden, Kjell Olmarker na wenzake walichukua nguruwe, wakatoa kiini cha diski cha nguruwe yuleyule, wakakipaka juu ya mishipa ya fahamu bila kuibana hata kidogo. Nguruwe wa kulinganisha wakapakwa mafuta ya mwili wao wenyewe. Waliopakwa kiini, mishipa ikapunguza kasi ya kupitisha umeme ndani ya siku chache. Waliopakwa mafuta hawakudhurika hivyo. Maana yake kile kiini kina kemikali inayochoma mshipa. Jambo hilo usingelijua kwa binadamu, nani angekubali kupakwa?

Wakaendelea, wakamshuku mhusika mmoja, protini ya uvimbe iitwayo TNF. Dawa ya kuizuia ilikuwepo tayari kwa wagonjwa wa baridi yabisi, infliksimabu. Kwa wanyama ikafaa. Wafini wakaijaribu kwa wagonjwa wachache bila kundi la kulinganisha, matokeo yakawa ya kupendeza. Wakafanya jaribio lenye kundi la kulinganisha lililopewa maji ya chumvi tu badala ya dawa, wagonjwa 40, matokeo yakatoka mwaka 2005: hakuna tofauti.

Kwa hiyo @Dereva wa Tunduma, wanyama walisema kweli kuhusu chanzo, wakatupoteza kuhusu tiba. Usiwatupe wote.

#20 Nyakato wa Bukoba
Mimi naona hapo tatizo lilikuwa muda. Nguruwe alipewa dawa mapema, mshipa ukiwa ndiyo kwanza umepakwa. Mgonjwa anafika hospitali ameshaumwa wiki kadhaa, ameshapita kwa Mzee Mkavu. Moto umeshaunguza.

#21 Mpare Ughaibuni
Nyakato, wapo wanaosema hivyo hivyo. Wengine wanasema TNF ni mmoja kati ya wengi, ukimzuia huyo wenzake wanaendelea. Na wengine wanarudi kwenye hoja ya #17, kwamba siatika, yaani maumivu hayo yanayoshuka mguuni, hupona yenyewe kiasi kwamba dawa inakosa nafasi ya kuonyesha tofauti. Mimi siegemei popote bado.

#22 Mkulima wa Mkuranga
Samahani natoka nje kidogo. Niliwahi kusikia kwamba kuna sindano ya mgongo iliyotokana na papai. Babu yangu enzi za mkoloni alikuwa anachanja mapapai mabichi kwa wembe, ule utomvu mweupe unakaushwa, Mhindi ananunua. Ndiyo huo?

#23 Mfamasia wa Mwanza
Ndiyo huo, na hujatoka nje hata kidogo. Tanganyika, Uganda na Kongo ziliuza sana nje papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu huo, kwa ajili ya kulainisha nyama na kusafisha bia.

Mwaka 1956 Lewis Thomas, daktari wa Marekani, aliwadunga sungura papaini kwenye damu. Masikio yakalegea yakaanguka, baada ya siku chache yakasimama tena. Gegedu la sikio lilikuwa limeyeyushwa na mwili ukalijenga upya. Daktari wa mifupa Lyman Smith akawaza: kama inayeyusha gegedu la sungura, je, kiini cha diski iliyotoka? Akajaribu kwa wanyama kwanza, akitumia kaimopapaini ambayo ni ndugu yake, na mwaka 1963 akaanza kuwadunga wagonjwa wa siatika ndani ya diski. Marekani iliiruhusu rasmi mwaka 1982.

#24 Binti wa Kigamboni
Nilisoma kwamba ilipigwa marufuku kwa sababu iliua watu.

#25 Mfamasia wa Mwanza
Haikupigwa marufuku. Walikuwepo waliopata mzio mkali wa ghafla, na wachache walipooza, hilo ni kweli na liliwatisha madaktari. Lakini mtengenezaji ndiye aliyeacha kuiuza mwaka 2003 kwa sababu za kibiashara. Majaribio yenyewe yalipingana: moja la miaka ya sabini halikuona faida, mengine ya miaka ya themanini yakaiona.

Ajabu nyingine. Japani mwaka 2018 iliruhusu kimeng'enya kingine, kondoliase, kwa kazi hiyohiyo ya kupunguza diski iliyotokeza. Hicho ni kondroitinase, kimeng'enya kilekile ambacho watafiti wa Uholanzi waliwadunga mbuzi ILI KUWAHARIBU diski, wapate mbuzi mgonjwa wa kuchunguza. Mbuzi anaugulishwa nacho, binadamu anatibiwa nacho.

#26 Dereva wa Tunduma
Hapo umenipa nguvu! Kitu kimoja kinaitwa ugonjwa kwa mbuzi na tiba kwa Mjapani. Si ndiyo hoja yangu, kwamba hawajui wanachokipima?

#27 Mpare Ughaibuni
Hapana Dereva. Diski ya mgonjwa wa Japani nayo inapungua kimo, gharama hiyo inajulikana. Ila maumivu ya mguu yanapungua kwa sababu kinachogusa mshipa kimenywea. Mbuzi hakuwa na kitu kinachogusa mshipa, kwa hiyo kwake ilibaki hasara tupu. Mfano unategemea swali. Ukiuliza "diski inachakaaje" ni kitu kimoja, ukiuliza "kwa nini inauma" ni kingine.

#28 Mama Bruno
Sasa panya anaulizwaje kama anaumwa? Bruno mimi namjua akiumwa, ananitazama tu.

#29 Mpare Ughaibuni
Njia ya zamani ni kumgusa unyayo kwa nyuzi nyembamba zinazozidiana ugumu, unaangalia ni ipi inamfanya avute mguu. Ni sawa kwa mshipa wa mguu, kwa kiuno haisemi mengi. Mwaka 2010 kundi la Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, lilichapisha kipimo cha uso wa panya: macho kufumbwa, mashavu kutuna, masikio na sharubu kubadilika mkao. Kwa hiyo unavyomsoma Bruno usoni, watu wameandikia vitabu.

Hukohuko McGill wana panya waliozaliwa bila protini iitwayo SPARC. Diski zao zinachakaa zenyewe kadiri umri unavyokwenda, hakuna sindano. Ukimning'iniza kwa mkia, panya mzima anajinyoosha anatulia. Asiye na SPARC anajikunjakunja, hataki mgongo unyooshwe. Kwangu hiki ni karibu na malalamiko ya mtu kuliko picha elfu za diski. Namjibu hapo Fizio wa #13.

#30 Fizio wa Likoni
Ni hatua nzuri, nakubali. Lakini mgonjwa wangu wa mgongo sugu ana hofu, anaogopa kuinama, amepoteza kazi, halali. Hayo yanakuza maumivu. Panya hana karo ya shule ya kulipa. WHO ilipotoa mwongozo wa mgongo sugu Desemba 2023 ilitaja mazoezi, elimu na msaada wa kisaikolojia, na ikasema mikanda ya kiuno isitumike kama kawaida. Hakuna kati ya hayo kilichotoka kwenye diski ya sungura. Na tunazungumzia watu milioni 619 kwa hesabu ya mwaka 2020.

#31 Binti wa Kigamboni
Mnaongea habari za uvimbe na mzigo, hamjagusa bakteria. Mimi zahanati moja waliniandikia antibiotiki za muda mrefu kwa ajili ya mgongo, wakasema diski ina maambukizi. Tumbo likaharibika, mgongo ukabaki palepale.

#32 Mfamasia wa Mwanza
Pole sana. Wazo hilo lilitoka Denmark. Mwaka 2013 Hanne Albert na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 162 wenye mgongo sugu na mabadiliko kwenye mfupa unaopakana na diski. Siku 100 za amoksilini yenye klavulaniki, wakaripoti nafuu kubwa. Bakteria waliyemshuku ni yule wa chunusi. Panya nao waliodungwa bakteria huyo kwenye diski za mkia walipata mabadiliko ya mfupa yanayofanana. Ikaonekana kesi imekwisha.

Wanorwe wakarudia kwa wagonjwa 180, matokeo yakatoka 2019: hakuna faida ya maana. Kudunga bakteria kwenye mkia wa panya kunaonyesha kwamba bakteria ANAWEZA kuharibu. Hakuonyeshi kwamba ndiye aliyeharibu wa kwako.

#33 Mpare Ughaibuni
Mfamasia, usifunge faili. Dawa za Norway na za Denmark hazikuwa zilezile hasa, na Wadenishi wanasema wagonjwa hawakuchaguliwa sawasawa. Binafsi nadhani kuna kikundi kidogo chenye maambukizi ya kweli ambacho hatujui kukichuja.

#34 Mfamasia wa Mwanza
Mpaka mjue kukichuja, watu wasinyweshwe antibiotiki miezi mitatu kwa kubahatisha. Usugu wa dawa tunao wa kutosha.

#35 Ustadhi Chaki
Naomba niulize la haki za viumbe, ambalo mleta mada aliligusa tukalipita. Nimesoma kwamba waliwahi kuwakata panya mikono ya mbele ili walazimike kusimama wima. Hilo ni halali kweli?

#36 Daktari wa Ng'ombe
Ilifanyika, ustadhi, na kwangu ni ukatili uliokuwa na faida ndogo mno. Panya aliyekatwa mikono hasimami kama wewe, anajikalia kwa namna yake. Siku hizi wapo wanaowaweka kwenye beseni lenye maji kidogo, panya hapendi maji anasimama mwenyewe kwa vipindi, hakatwi chochote.

Tangu mwaka 1959 Russell na Burch walipoandika kanuni zao, mtafiti anatakiwa ajiulize mambo matatu: naweza kuacha kutumia mnyama, naweza kupunguza idadi, naweza kupunguza mateso? Mikia ya Mpare inajibu la kwanza. Na mimi narudia la mbwa wagonjwa: mtibu, jifunze humohumo.

#37 Supu ya Vingunguti
Na nyani? Yeye anakaa kitako kama mtu stendi. Nairobi si wana taasisi ya nyani kule Karen?

#38 Daktari wa Ng'ombe
Wanayo, ilianzishwa na Louis Leakey mwaka 1960. Na umesema vizuri, nyani hukaa wima muda mwingi wa siku na diski zake huchakaa kadiri anavyozeeka, watafiti wameziangalia. Kwa umbo ndiye aliye karibu nasi. Lakini anaishi miaka mingi, ana gharama, na kwa akili yake mimi sitasaini kibali cha kumtoboa mgongo.

#39 Kuli wa Kariakoo
Swali la mtu asiyesoma sana: hivi hiyo sindano yenyewe ya kutoboa si ndiyo inayoharibu? Kwa mtu je?

#40 Fizio wa Likoni
Kuli, swali lako ni la mtaalamu. Kulikuwa na kipimo cha kudunga diski rangi ili kuona kama ndiyo inayouma. Eugene Carragee wa Stanford aliwafuatilia waliodungwa miaka 10, akachapisha 2009. Diski zilizodungwa zilichakaa na kutokeza zaidi kuliko za wenzao wasiodungwa. Sindano nyembamba tu.

#41 Mpare Ughaibuni
Na hapo ndipo mfano wa sungura uliposimama imara. Masuda na wenzake mwaka 2005 waliwatoboa sungura kwa sindano za unene tofauti, diski zikashuka kimo pole kwa pole. Watu wakawacheka kwamba binadamu hatobolewi. Carragee akaonyesha kwamba akitobolewa, yanamkuta yaleyale. Tundu dogo kwenye pete ya nje linatosha.

#42 Dereva wa Tunduma
Lakini mimi sijawahi kutobolewa. Yangu imekauka yenyewe.

#43 Mpare Ughaibuni
Ndiyo. Kwa ajili yako afadhali panya wa mchangani, Psammomys obesus, wa jangwa la Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Akipewa chakula cha kawaida cha maabara ananenepa, wengine wanapata kisukari, na diski zake zinachakaa zenyewe akiwa bado hajazeeka sana. Dereva wa kula chipsi kila kituo cha mizani anaweza kujifunza kitu.

#44 Dereva wa Tunduma
Chipsi umeniotea, nakula. Ila bado nashikilia langu. Panya wengi mnaowatumia ni vijana wazima, mnawaumiza Jumatatu, mnawatibu wiki ya pili, mnashangilia wiki ya nane. Yangu ilichakaa kwa miaka. Mbona hamwachi wazeeke kwanza?

#45 Daktari wa Ng'ombe
Kufuga panya hadi azeeke ni miaka miwili na ushee ya chakula, na wengi wanakufa kwa uvimbe kabla hujawafikia. Kondoo ni zaidi. Pesa za utafiti hazisubiri.

#46 Mpare Ughaibuni
Wapo wanaowaacha wazeeke, daktari, si kila mtu anakimbia. Ila nakubali kwamba ni wachache. Hapo Dereva ana hoja kubwa kuliko ile aliyoanza nayo.

#47 Mgeni Mpya
Habari wakuu, sijasoma kurasa zote. Nina mgongo, sasa hivi mkojo unatoka bila kujua na kati ya mapaja pamekufa ganzi tangu jana. Dawa gani nitumie?

#48 Fizio wa Likoni
@Mgeni Mpya acha simu, nenda hospitali kubwa SASA HIVI, usingoje asubuhi. Mkojo kutoka bila kujijua pamoja na ganzi ya mapajani ni mishipa ya chini kubanwa kabisa, inaweza kuhitaji upasuaji wa haraka. Waambie mapokezi maneno hayohayo uliyoandika hapa. Yuko mkoa gani huyu, kuna mtu karibu naye?

#49 Supu ya Vingunguti
Nimemtumia ujumbe pembeni, yuko Gongo la Mboto. Nina bajaji, namfuata.